Nilikaa eda huku nikipanga safari ya marehemu mume wangu

Wakuu, salaam kwenu. Haya ninayoandika sijayatia chumvi. Ningekuwa mtunzi, ningetunga ya kufurahisha.

Mume wangu alikuwa na duka dogo la vitambaa Darajani. Kazaliwa Unguja, kakulia Unguja, mlima hajauona ila kwenye picha. Basi akaingiwa na hamu ya hifadhi moja ya milimani huko bara, ambako mawe yamesimama wima kama minara, na mengine yamebebana, kubwa juu ya dogo.

Jina la hifadhi naliacha, kwa heshima ya mtu nitakayemtaja.

Alipanga kila kitu mwenyewe. Akapata muongozaji wa wageni wa huko, mtu mzima mwenye familia, wakawa marafiki wa simu. Akanunua jaketi zito la mtumba, akawa analivaa sebuleni eti anajizoesha, jasho linamtoka. Sisi tunakaa maghorofa ya Michenzani, basi kila jioni anapanda na kushuka ngazi.

"Nnafanya mazoezi, mke wangu. Wewe utabebwa?"

Wiki chache kabla ya safari presha ikampanda akiwa dukani. Hospitali hakukaa sana. Inna lillahi.

Nikaingia eda. Kwa wasiojua, mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki bila dharura. Watu wanakuja kukupa pole, na kila anayekuja anasema "marehemu". Nililichukia neno lile.

Simu yake nilibaki nayo mimi. Siku moja ikalia, muongozaji.

"Habari za Zanzibar, mama? Mzee hajambo?"

Wakuu, salamu zetu mnazijua. Mtu hata awe hoi kitandani, jibu ni lile lile. Mdomo ukanitangulia.

"Hajambo."

Nilitaka kujisahihisha, nikashindwa. Akanieleza mzee avae viatu vya aina gani, nikasikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia safari tumeisogeza mbele kidogo, mzee ana shughuli.

Ikawa ndiyo mtindo. Mara njia imeharibiwa na mvua, mara amepata chumba cha chini ili mzee asitaabike na goti lake linalomuuma. Nami nauliza baridi ikoje, tubebe chakula au kipo. Watu wote walikuwa wameshamzika, kasoro huyu mmoja. Kwake yeye, mume wangu bado alikuwa anakuja.

Sasa nina wifi yangu, dada wa marehemu, akija kutoka Amani kuniletea chakula. Akanikuta nacheka kwenye simu na sauti ya mwanamme. Mjane, ndani ya eda!

"Wifi, unazungumza na nani? Kaka yangu hata kaburi halijakauka!"

Akaninyang'anya simu, akaiweka sikioni kwa shari. Sauti ilikuwa kubwa, nami nikasikia.

"Mama, mwambie mzee jaketi lake linatosha, asinunue jingine. Hajambo lakini?"

Wifi akanitazama.

"Hajambo," akajibu. Kisha akakaa kwenye mkeka, akalia.

Hatukulizungumza tena.

Eda ikaisha. Muongozaji akapiga kwa furaha: mvua zimekatika, njia safi, mzee aje lini? Sikuwa tena na pa kumsogeza. Nikamwambia ukweli wote.

Hakunilaumu. Alisema tu, "Nilishawaambia watoto wangu mzee wa Zanzibar anakuja," akashindwa kuendelea. Hajapiga tena mpaka leo.

Mume wangu alizikwa zamani, watu wakaja na pole zao na ubani wa rambirambi. Lakini mimi nilifiwa siku ile ya simu. Nililia mpaka jirani akagonga mlango, na sikujua nimwambie nini.

Nilichojifunza ni hiki. Ukifiwa, waambie wote mapema, hata walio mbali. Ukimbakisha mmoja ili upumzike kwake, iko siku utafiwa tena, na mara ya pili hakuna anayekuja kukupa pole.

Ndiyo maana nimekuja huku kwenu. Wa kunisema na aniseme, sitajibizana naye. Mwenye pole yake aiandike hapa chini, nitaipokea.