Chemchemi Iliyomponza Mama Mzee

Juzi nilikuwa Nyamira kwa mazishi, jua likanizidi, nikanunua chupa ya maji kwenye duka lililo juu ya bonde. Nilipoinua kichwa kunywa nikatambua nimesimama wapi, nikaishusha chupa. Wewe, ndugu yangu, unaijua Nyamira hii ya ofisi za kaunti na maghorofa. Acha nikuonyeshe ile yangu.

Miaka ile baada ya uhuru ilikuwa safu moja ya maduka ya mabati, kiwanja cha soko na kambi ya chifu, basi. Siku ya soko akina mama walikuja kutoka Gesima na Ikonge na ndizi kichwani, wengine na magunia ya pareto iliyokaushwa, na wote waliishia kwa nyanya yangu, aliyeuza uji mchachu wa wimbi kwa kibuyu. Uji ule ulitaka maji ya chemchemi tu. Dada yangu nami tuliyachota alfajiri, umande ukituuma miguu, vyura wakipiga kelele hadi humsikii mwenzako.

Juu ya chemchemi aliishi mama mzee, mjane asiye na mtoto. Kila asubuhi aliokota majani yaliyoanguka majini, na ukija na sufuria yenye masizi alikutimua kwa ufagio. "Nyinyi watoto, mnataka kutuua na uchafu?" Tulimwogopa na tulimpenda. Nyanya alimpelekea uji kila jioni ya soko.

Kisha mji ukaanza kukua. Kila mwenye duka alitaka nguzo za kujengea, na chai ilipoanza kulipa, wajenzi wakazidi. Nyanya hakuwa mtu wa kuachwa nyuma. Alipanda mikaratusi bondeni, palepale penye unyevu, kwa kuwa hapo mti haukawii. Kweli haukukawia. Ada yetu ya sekondari ilitoka kwenye miti ile, nasi tuliisifu sana.

Wa kwanza kunyamaza walikuwa vyura. Nilipomwambia nyanya, alisema wamehama. Halafu mtungi ukawa unachelewa kujaa, na mwishowe tulikuwa tukikwangua tope kwa kata.

Sokoni minong'ono ikaanza. Maji yanakaukaje na mvua inanyesha?

"Kuna mtu ameyafunga," alisema mwuza ndizi mmoja. "Na ni nani huamka kuyachezea kila asubuhi?"

Mwenzake akalitaja neno lenyewe, omorogi, mchawi. Walisema hayo vibuyu vya nyanya vikiwa mikononi mwao. Nyanya aliendelea kukoroga uji wake, akawaongezea.

Haukupita muda, jioni moja vijana wakalipiga mawe paa la mama mzee. Kulipokucha nyumba ilikuwa wazi, ufagio umeegemea mlango. Alikimbilia kwa kaka yake upande wa Keumbu, na kabla ya mavuno tukasikia amezikwa huko. Maji hayakurudi. Watu wakasema ameondoka nayo.

Mwaka uliofuata nyanya alimwuzia mjenzi mmoja miti yote. Mvua zilipoanza tuliamshwa na vyura. Tulikimbia bondeni tukakuta chemchemi imejaa pomoni, watu wakishangilia kwamba laana imeisha. Nyanya peke yake hakushangilia. Alitazama maji, akatazama visiki, akayatazama maji tena. Kisha akajaza mtungi, akaupandisha hadi kwenye mlango wa ile nyumba tupu, akaketi chini na kulia kama aliyefiwa siku hiyo.

Lakini kisiki cha mkaratusi hakifi. Vilichipua vyote, kila kimoja matawi matatu, vikayanywa maji hadi yakatoweka tena. Nyanya hakuuza uji tena maishani mwake.

Lile duka la chupa limejengwa pale palipokuwa nyumba ya mama mzee. Nilisogea mlangoni, nikamimina maji yangu yote kizingitini.

"Aki mama, mbona unamwaga?" msichana wa duka aliniuliza. "Hapa kwetu maji ni shida."