Mkono Ulioachiwa Nafasi

Kila Jumapili, kabla ya chai, Mama Mkasi hupima mkono wake wa kulia. Ni fundi cherehani wa miaka hamsini na miwili. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu katika karakana yake hakuna mwingine aliyewahi kukata kitambaa. Mdogo wake, ambaye wamefanya kazi pamoja miaka kumi na tisa, huunganisha, hupiga pasi, hutia vifungo. Kukata, hapana.

Ugonjwa ulianza kwa sindano kumponyoka. Hospitalini walimweleza kwamba neva zinazoamrisha misuli yake zinakufa, na msuli usiopata amri hunywea. Hautarudi, kinachowezekana ni kufuatilia kasi ya kunywea kwake. Wakampa daftari: azungushe utepe wa kupimia sentimita kumi chini ya kiwiko, aandike unene wa mkono.

Miezi mitatu daftari lilisema ishirini na nne. Ishirini na nne. Ishirini na nne na nusu.

"Dada, nifundishe kukata," mdogo wake alimwambia zaidi ya mara moja.

"Namba ikishuka tutaongea. Haraka ya nini? Unataka kunizika na mkasi wangu?"

Namba ilitulia, yeye hakutulia. Misuli ilimchezacheza chini ya ngozi. Aliinuka, akafungua droo, akaifunga bila kutoa kitu. Alijipima Jumatano, akajipima tena Alhamisi.

Siku ya kliniki, mtaalamu wa viungo alimpa kipima mshiko abane. Kilo kumi na moja. Mara ya kwanza ilikuwa kumi na tisa. Mtaalamu akalifungua daftari, akakunja uso.

"Mama, hebu jipime nikuone."

Mama Mkasi akazungusha utepe, akaushika kwa kidole gumba, na chini yake akapitisha vidole vitatu.

"Hivyo vidole vinafanya nini hapo?"

"Nafasi," alijibu, akishangaa kuulizwa. Mteja aliyekondeshwa na ugonjwa hupimwa hivyo, ili akirudisha mwili nguo isimbane. Kadiri anavyokonda, ndivyo anavyoongezewa. Mwanzoni alijipitishia kidole kimoja.

Mdogo wake, aliyekuwa amesimama mlangoni, alishindwa kujizuia. "Dada! Umeushonea mkono koti?"

Mtaalamu hakucheka. Aliukaza utepe mpaka ukagusa ngozi. Ishirini na moja.

"Mkasi nitaushika hadi lini?"

"Kwa kasi hii, wiki sita. Labda nane."

Walirudi moja kwa moja. Karakanani hakuvua hata viatu. Alitandika mezani kitambaa cha kijivu cha koti la mteja, akachora mistari ya chaki, akiegemeza mkono wa kulia kwa wa kushoto, kisha akausukuma mkasi upande wa pili wa meza.

"Kata."

"Cha mteja? Nianze na kipande kibovu, dada."

"Kipande kibovu hakimtishi mtu. Miezi mitatu nimekupotezea. Kata."

Mdogo wake alikata urefu wa kiganja, akasimama. Jasho lilimtoka puani.

"Nimepinda?"

"Umepinda. Bado uko nje ya mstari wa mshono, hakuna atakayeona. Usinyanyue mkasi, sukuma. Leo tunamaliza mgongo, kesho mikono."

"Na kula?"

"Utakula umesimama. Sukuma."