Siku Nilipofuta Posho Yangu Mwenyewe

Walisema sitamaliza kidato cha nne, nikamaliza. Wakasema mtoto wa kibarua wa mashamba ya zabibu hapati stashahada, nikarudi Makutupora na ya uhasibu, niliyojilipia mwenyewe Dar kwa kuuza mitumba. Wakasema udiwani sitauweza, nikashinda (tena kwa mbali). Kwa hiyo aibu ile ya ukumbini sikusukumwa na mtu, niliifuata kwa miguu yangu.

Tulikuwa tunajadili bajeti ya halmashauri. Nilitaka ushuru wa zabibu upunguzwe, kwa sababu mnunuzi akitozwa humkata mkulima bei, na hilo bado naliamini. Mwenyekiti akaniuliza, "Mheshimiwa, bajeti tayari ina pengo. Zahanati isiyo na paa tutaiezeka kwa fedha gani?" Hapo ningekaa. Lakini viti vya wageni vilijaa wapiga kura wangu, wakiwamo walionikopesha fedha za kampeni, nikataka makofi, nikatandaza mikono: "Tuanze na posho zetu sisi madiwani!"

Makofi nikayapata. (Nilijua hakuna diwani atakayekubali, ndiyo maana nilipaza sauti.) Bi Halima, diwani wa viti maalumu, mama wa Kondoa asiyecheka ovyo, akasimama taratibu. "Mwenyekiti, naunga mkono. Kijana amesoma, hawezi kuwa anatania."

Nani angepinga mbele ya watu wale? Zikafutwa, posho za vikao vya mwaka mzima, nami nikainua mkono kuafiki huku natabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.

Ndipo Mama Chilongani, mwenye shamba la zabibu na mdai wangu mkubwa, akasimama kule nyuma. "Sasa baba, si uliniambia utanilipa kwa posho hizohizo?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Kesho yake nikaenda kumwomba radhi. Akanipa mkasi. "Hiyo diploma yako inajua kupogoa?"

Nilipogoa misimu miwili, kwake na kwa wengine, nikitafuta fedha za kulipa madeni, watu wakipita na kuniita "Mheshimiwa!" kwa heshima iliyozidi kiasi. Mle mizabibuni ndimo nilimoelewa kwamba kodi ukimpunguzia mmoja, mwingine ataibeba, na ni vyema umjue jina kabla hujaomba makofi.

Wa mwisho kumlipa alikuwa Mama Chilongani, siku moja zahanati ikiwa imeshaezekwa. Nikamkabidhi fedha pamoja na mkasi wake. Akazifunga fedha kwenye pindo la kanga bila kuzihesabu.

"Walisema hutalipa," akaniambia. "Na kikao kijacho utasema nini?"

"Ushuru upunguzwe, mama. Ila safari hii nitakuja kwanza kwako, tupige hesabu ya nani atalipa."

Akanirudishia mkasi. "Basi kaa nao. Usije ukasahau."

Uko mezani kwangu mpaka leo, kando ya cheti cha stashahada.