Mwaka Ambao Wendell Alituweka wa Mwisho

Shemeji yangu Wendell Aasgaard anauza mbegu za mahindi, na kwenye mbegu hajawahi kumdanganya mtu. Ukimuuliza kama aina fulani itastahimili upepo, atakwambia ukweli hata kama ukweli huo utakupeleka dukani kwa mshindani wake. Lakini mpe kipaza sauti, umtajie timu ya mpira wa kikapu ya Chuo cha Lindahl, na mtu huyo huyo anageuka mwongo asiyetibika. Mimi ndiye ninayekaa kando yake kushika mitambo ya redio, kwa hiyo uongo wake wote umepitia mikononi mwangu.

Alianza kutangaza kwa bahati tu. Mtangazaji wa zamani alishikwa na mafua makali, kituo chetu hapa Vennes kikawa kinatafuta mtu yeyote mwenye sauti, na Wendell alikuwa amesimama karibu. Yeye mwenyewe hakuwahi kucheza. Goti lake liliharibika utotoni alipoanguka kutoka kwenye trekta la baba yake, na alipofika chuoni kazi yake ilikuwa kugawa taulo kwenye benchi. Nadhani ndiyo maana anawapenda wale vijana kupita kiasi. Ligi ya Mto Willow ni vyuo vinane vidogo vilivyotawanyika kati ya mashamba, na hakuna kijana anayesomeshwa bure pale kwa ajili ya mpira. Wanacheza kwa sababu hawajui namna ya kuacha. Wendell anawajua wote, anajua mpaka majina ya mama zao.

Sasa, kila Novemba, kabla ya msimu kuanza, kanisa letu la Kilutheri huandaa chakula cha jioni kwenye ukumbi wa chini. Ni mchuzi mzito wa nyama na maharage, na mikate ya mdalasini ya kuchovya humo. Watu wakishaketi, Wendell hutangaza redioni, kutoka palepale, utabiri wake wa ligi, kuanzia wa kwanza hadi wa nane. Tangu nimfahamu, wa kwanza ni Lindahl. Tulimaliza wa saba, mwaka uliofuata akatuweka wa kwanza. Tulimaliza wa nane, kocha akafukuzwa, akatuweka wa kwanza. Imekuwa desturi kwamba akisema "Na wa kwanza ni...", ukumbi mzima, watoto kwa wazee, unamalizia "Lindahl!" Watu wanacheka, wanarudi kwenye bakuli zao, na hakuna anayekuja kwenye mechi. Mahindi yanakuwa bado shambani, mashine za kuvunia zinanguruma, na mkulima gani ataacha mavuno kwenda kutazama timu inayosifiwa na Wendell?

Mwaka ninaousimulia, nahodha alikuwa Jarvis Tolliver, kijana mfupi kutoka Rockford mwenye mikono myepesi kuliko ya mwizi. Alizoea kupita dukani kwa Wendell kunywa kahawa baada ya masomo. Siku moja ya Oktoba nilikuwa nimekaa kwenye magunia, nikamsikia akisema, "Mzee Wendell, nikuombe kitu?"

"Sema, nahodha. Ila kama ni dawa ya urefu, imekwisha."

Jarvis akacheka, halafu akaacha kucheka. "Huu ni mwaka wangu wa mwisho. Nikivua hii jezi ndiyo basi tena, naenda kukaa ofisini. Mzee, nataka mara moja tu nicheze hapa nyumbani, kwenye jimu yetu ya kikapu, ikiwa imejaa watu. Mara moja. Miaka mitatu nimecheza mbele ya wazazi wa wenzangu na mbwa wa mlinzi."

"Yule mbwa ni shabiki mzuri."

"Analala kipindi cha pili! Redio ni yako, Mzee. Waambie watu waje."

Wendell akampa mkono. "Mechi ya kwanza," akasema. "Itajaa. Nimekuahidi."

Kijana alipotoka nilimwambia Wendell kwamba ameahidi kitu asichokuwa nacho. Hakubisha. Alivuta gunia akakaa mbele yangu, uso umemshuka.

"Lyle, shida ni kwamba safari hii ni wazuri kweli."

"Ulisema hivyo mwaka jana."

"Mwaka jana nilikuwa nadanganya!"

Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akikiri. Akaanza kunieleza, na alinieleza kwa sauti anayotumia kueleza mbegu, kwa hiyo nilisikiliza. Vijana watano walewale wamecheza pamoja tangu mwaka wao wa kwanza. Yule mrefu, Brandvold, mtoto wa mfuga nguruwe, alikuwa ametumia kiangazi chote kurusha mipira kwenye kikapu alichokipigilia ghalani, na sasa alikuwa anafunga pointi tatu kutoka mbali. Makocha wa ligi walikuwa wametupigia kura tuwe wa sita, na walikuwa wamekosea.

"Basi sema hivyo hewani," nikamwambia.

"Nikisema tutakuwa wa kwanza, nani atajua kwamba leo nasema kweli?"

Nilimwonea huruma, na mimi si mtu wa kumwonea Wendell huruma kirahisi. Amemuoa dada yangu na bado hajanirudishia ngazi yangu.

Jioni ya chakula cha kanisani ikafika. Ukumbi ulijaa, dada yangu Ardis alikuwa jikoni akigawa mikate, nami nikawasha mitambo na kumpungia mkono Wendell aanze. Akasafisha koo.

"Mabibi na mabwana, msimu mpya wa Ligi ya Mto Willow. Na wa kwanza ni..."

"Lindahl!" ukumbi ukaitikia.

Wendell akasubiri kelele zitulie. "Harker Ridge," akasema.

Watu wakacheka. Mzaha mpya, walidhani. Akaeleza kwamba Harker Ridge wamerudisha wachezaji wao wote na mchezeshaji wao anapita katikati ya watu kama maji. Wa pili akawataja Saint Odile, ambao wamempoteza mfungaji wao mkuu lakini wamepata kijana mpya mwenye mikono mirefu ajabu. Wa tatu, chuo kingine. Wa nne, kingine. Alipofika wa tano niliona vijiko vimeanza kusimama. Kwenye wa sita hakuna aliyekuwa anatafuna.

"Wa saba, Wexley."

Merle Dykstra, mfuga ng'ombe wa maziwa, akainuka na leso ya mezani ikiwa bado imening'inia shingoni. "Wendell, acha utani."

"Na wa nane," shemeji yangu akasema, macho yake yakitazama bakuli, "Lindahl."

Hapo mambo yakalipuka.

"Nyuma ya Wexley?" Merle akapiga kelele. "Wexley wana kocha aliyekuwa anafundisha kuogelea!"

"Unaumwa nini, Wendell?"

"Mtoto wa Brandvold umemwona akirusha? Umemwona? Basi kaa kimya!"

Merle, ambaye hajakanyaga jimu yetu tangu ilipobadilishwa paa, alisimama pale akiwatetea wachezaji mmojammoja, na wengine akiwakosea majina. Ardis akatoka jikoni, akauchukua mkate wa mdalasini uliokuwa mbele ya mumewe, akampa mtu mwingine.

Kwenye gari nilimgeukia. "Umerukwa na akili?"

"Umewaona walivyokasirika?" akasema Wendell. "Miaka yote nawasifia vijana, watu wanacheka. Leo nimewatukana, mji mzima umegundua una timu. Watakuja, Lyle. Watakuja ili wanisute."

"Na Jarvis je? Amesikia redio."

Hilo hakuwa amelifikiria hata kidogo. Mwenye akili za kuvuna watu kanisani hakukumbuka kwamba wachezaji nao wana masikio.

Jumatatu Jarvis alikuja dukani. Hakukaa, hakujimiminia kahawa. Alisimama mlangoni na kofia yake mkononi.

"Makocha kutuweka wa sita, sawa," akasema. "Hawatujui. Lakini wewe, Mzee? Unakuja mazoezini kila siku. Umeona nini kibaya kwetu?"

Nilimkanyaga Wendell mguu ili aseme. Lakini nilijua kwa nini hawezi. Ukimwambia mchezaji mmoja, umewaambia kumi na wawili. Na kitu wanachokijua watu kumi na wawili hapa Vennes, kufikia saa ya chakula cha mchana Merle Dykstra anawasimulia ng'ombe wake. Mji ukijua ni ujanja, utacheka na kubaki shambani.

"Nimesema nilichosema," Wendell akajibu.

"Mimi nilikuomba uwaite watu."

"Nakumbuka."

"Basi asante." Akavaa kofia akatoka. Wendell alijifanya anapanga magunia ambayo yalikuwa yamepangwa tayari, na nikaona mabega yake yanatikisika. Nikatoka nje nikazungukazunguka kwenye baridi, maana kuna mambo shemeji hapaswi kuyatazama.

Juma lile hakulala vizuri, Ardis aliniambia. Aliogopa mambo mawili kwa pamoja: kwamba watu hawatakuja, na kwamba hata wakija, yule kijana ataingia uwanjani amevunjika moyo. Kama jimu ingekuwa tupu, angekuwa amemtukana bure mtu aliyemwamini.

Jumamosi ya mechi tulifika mapema kufunga nyaya. Wapinzani walikuwa Harker Ridge wenyewe. Jimu ilikuwa tupu, isipokuwa yule mbwa wa mlinzi. Wendell alikaa mezani akakunja mikono. Nami nikaanza kumtafutia maneno ya kumfariji, kazi ambayo siiwezi.

Halafu mlango ukafunguka, akaingia Merle na familia yake nzima, na bibi yake kwenye kiti cha magurudumu. Hakutusalimia. Alimnyooshea Wendell kidole na kwenda kukaa mbele kabisa. Nyuma yake ikaja familia ya akina Hovland, wakaja watu wa kanisani, wakaja wakulima moja kwa moja kutoka shambani, vumbi la mahindi kwenye nyusi zao na mashine zao wamezipanga barabarani hadi kwenye daraja. Viti vikaisha. Watu wakasimama ukutani, wakakaa kwenye ngazi. Mbwa alisukumwa mpaka chini ya meza yetu.

Vijana walipotoka vyumbani kupasha misuli, Brandvold alisimama ghafla mlangoni, wenzake wakamgonga kwa nyuma.

Jarvis hakututazama. Mpira ulipoanza alicheza kwa hasira, na hasira ilimfaa. Mtupo wake wa kwanza ulikuwa wa pointi tatu, kutoka kona. Akageuka kwenye meza yetu na kumwinulia Wendell vidole vinane. Jimu nzima ikaona. Kuanzia hapo, kila Lindahl walipofunga, watu wote, bibi yake Merle akiwemo, walimgeukia shemeji yangu, wakamwonyesha vidole vinane na kuimba, "Wa nane! Wa nane!" Wendell alitangaza yote hayo hewani kwa wasikilizaji wake, ambao kwa hesabu yangu siku ile walikuwa Ardis, aliyebaki nyumbani kwa hasira, na labda wagonjwa hospitalini.

Katikati ya kipindi cha pili tulikuwa sawa kwa pointi. Kocha aliomba mapumziko. Nilimwona akiwapigia kelele vijana wake kwa mdomo wazi kabisa, na wao wakimwonyesha kwamba hawasikii neno. Jarvis akainua kichwa. Akatazama ukuta wa upande huu, akatazama ngazi, akatazama upande wa pili mpaka juu kabisa, polepole. Kisha akamtazama Wendell. Alimtazama kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kama mtu aliyegundua ujanja, akatabasamu mpaka nikaona meno yake.

Tulifungwa kwa pointi moja. Brandvold alirusha mpira wa mwisho, ukazunguka juu ya ukingo wa kikapu, ukafikiri, ukatoka nje. Hakuna aliyeondoka. Watu walisimama wakapiga makofi mpaka Harker Ridge wenyewe wakaanza kupiga. Merle alikuja mezani kwetu, jasho linamtoka.

"Umeona sasa? Wa nane hao? Jumamosi tunakuja tena, na ole wako ukose!"

"Nitakuwepo," akasema Wendell kwa unyonge.

Ndipo Jarvis akaja kwa mahojiano, taulo shingoni. Wendell alimsogezea kipaza sauti.

"Nahodha," akasema, "mmefungwa kwa pointi moja. Unajisikiaje?"

Jarvis alijifuta uso kwa taulo. Nyuma yake watu walikuwa bado wanapiga kelele.

"Mzee," akasema, "jimu ikiwa tupu, unausikia mpira wako. Kila dundo, linagonga ukuta, linarudi. Miaka mitatu nimeusikia. Leo sijausikia hata mara moja."

Akamwekea Wendell mkono begani. Wendell akafungua mdomo, akaufunga, akafungua tena, na hakikutoka kitu. Mtu aliyezungumza bila kupumua maisha yake yote alikuwa analia mbele ya kipaza sauti kilichowashwa, kwa hiyo ikabidi mimi, ambaye sijawahi kusema neno hewani, nikivute kwangu na kusoma tangazo la mbegu.