Mama mkwe aliponiuliza kuhusu idadi ya mbuzi

Leo masomo yangu nusura yakomeshwe na mbuzi.

Mama mkwe ndiye hubaki na mtoto nikienda kusomea kutengeneza tovuti hapa Garissa. Asubuhi akaniambia, "Nionyeshe unachojifunza, ama ubaki na mwanao."

Nikamfungulia kwenye simu tovuti niliyomtengenezea ya kuuza mbuzi wake. Juu kabisa nimeandika idadi yao yote.

Akaisogeza simu karibu na macho. Kisha: "Wallahi, unawahesabia watu mifugo yangu? Unaiitia husuda?"

Na hilo la kutotangaza idadi ya mifugo nalijua tangu utotoni, jamani!

"Mama, usikasirike. Ngoja."

Nikaufuta ule mstari wa idadi mwenyewe. Mwezi uliopita ningemsubiri mwalimu anifutie.

Akaitazama tena simu.

"Picha ya yule mbuzi mweupe iweke mbele. Mtoto mlete hapa, unachelewa."

Niko darasani sasa. Wenye mama wakwe, mnanielewa?