Mateka wa Mmea wa Malkia

Harufu ya majivu hunirudisha Timbwani, kule Likoni pwani, kwenye ua wa nyumba tuliyopanga nilipokuwa darasa la tatu. Kila Jumamosi watoto wote wa uani tulijazana sebuleni kwa mwenye nyumba kutazama mfululizo wa vita vya sayari. Malkia wa humo alifuga mmea wa sumu ndani ya mkono wake wa chuma. Akikunyooshea kidole, mtambaa wa zambarau huchomoka ukakuzonga shingo, na sumu yake ikakulazimisha kuungama kabla ya kufa. Kipindi kikiisha tulitoka kukiigiza. Malkia alikuwa Saumu, binti wa mwenye nyumba. Mateka nilikuwa mimi, kwa kuwa wazazi wangu walikuwa watu wa bara, na mnyonge hana haki.

Mwanzoni mtambaa ulikuwa kamba ya kuanikia nguo. Lakini mzaha mzaha hutumbuka usaha. Likizo ya Agosti Saumu alikuja na maganda ya upupu, yale yenye manyoya ya kahawia yanayowasha, ameyashika kwa kitambaa. Wenzake wakanikamata mikono. Akanipangusa nayo shingoni, taratibu, kama malkia.

"Ungama. Nyumba hii ya nani?"

"Yenu."

"Na nyinyi ni nani?"

Sikujua jibu alilolitaka, akanishushia maganda yale mgongoni. Nilijikuna hadi damu ikatoka. Mama alinisugua kwa majivu, kisha akanipeleka kwa mama yake Saumu. Yule mama aliitazama shingo yangu, akaendelea kupepeta mchele.

"Watoto wacheza, Mama Wanza. Kama ua huu wawaudhi, vyumba viko tele Likoni."

Mama akamwomba radhi. Tulipofika chumbani, nami bado nalia, akanizaba kofi. "Nyamaza. Tukitolewa hapa tutakwenda wapi?" Jumamosi iliyofuata, kabla Saumu hajauliza nani mateka, nilijitokeza mwenyewe nikapiga magoti.

Siku hizi wanangu hutazama visa kama vile kwenye simu, kila mmoja peke yake, na hakuna anayemwigiza yeyote. Tunakaa Mishomoroni, kwenye nyumba yetu, na mama yupo nasi. Juzi nilikutana na Saumu kivukoni. Alinikumbatia, akawaambia mabinti zake, "Huyu shoga yangu wa utotoni. Tulicheza, wallahi. Wakumbuka, Wanza?" Nikasema nakumbuka. Nilipomsimulia mama, aliuliza kama wazazi wa Saumu hawajambo.

"Walikuwa watu wema," akasema. "Hawakutufukuza."