Maji ya Chini ya Choma

Nimefanya kazi ya visima zaidi ya nusu ya maisha yangu, na kati ya visima vyote nilivyoshiriki kuchimba, kimoja tu ndicho kinachonijia ndotoni. Kiko Choma, wilaya ya Igunga, karibu na mto wa mchanga ambao kwa mwaka hutiririka majuma machache tu, kisha hubaki kuwa njia nyeupe ya kupitishia ng'ombe.

Mwaka ule mvua zilikatika mapema. Tulitoka Tabora mjini tukiwa wanne: mimi, dereva na mafundi wawili wa mtambo wa kuchimbia. Mahali tulipopapima palikuwa shambani kwa bibi mmoja mjane. Alitupa kibanda cha kulala, akatulisha michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa mgando siku zote tulizokaa, wala hakutaka tulipe. Mwanawe alikuwa amekwenda machimbo ya dhahabu na habari zake zilikatika. Hivyo bibi aliishi na mkwe wake, mke wa huyo mwanawe, pamoja na mjukuu wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kuongea maneno yaliyokamilika.

Huyo mkwe ndiye ninayemkumbuka zaidi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, lakini akicheka alicheka kwa sauti mpaka bibi anamkemea. Kila asubuhi alikwenda mtoni na ndoo mbili na kata ya kibuyu. Siku moja nilimfuata nione. Wanawake walikuwa wamechimba shimo katikati ya mchanga, wakakata ngazi ubavuni, na shimo lilikuwa limeshampita kimo. Alishuka, akachutama, akasubiri maji yachuruzike, akayateka kata kwa kata. Nilivuta sigara mbili na ndoo ya kwanza ilikuwa bado nusu.

"Fundi," aliniuliza kutoka humo shimoni, "hayo maji yenu ya chini yanatoka wapi?"

Nikamweleza kama nilivyofundishwa chuoni. Kwamba mvua ikinyesha, sehemu yake huzama, hushuka kwenye nyufa za miamba, kisha hutembea polepole chini ya bonde zima, chini ya mbuga na vijiji, pasipo mtu kuyaona. Mengine yalinyesha kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa.

"Basi yamekaa gizani sana," akasema. "Yatakuwa yamechoka."

Nilicheka. Sikumwambia jambo nililolijua vizuri, kwamba maji yakikaa na jiwe muda mrefu huchukua tabia ya jiwe. Na miamba ya kule ina madini yanayodhuru. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu nami nilikuwa nikiomba yapatikane.

Siku ya tatu ya kuchimba tope la kijivu lilibadilika, likawa jepesi, na mara maji yakaruka juu kuliko mtambo. Vigelegele vilisikika mpaka kitongoji cha pili. Bibi alichinja jogoo wake wa pekee. Watoto walivua nguo wakaogea palepale kwenye tope, na mkwe wa bibi akasimama na binti yake mgongoni, uso wote umelowa, anacheka bila mtu wa kumkemea.

Tulifunga pampu ya mkono. Sampuli nikaipeleka maabara. Kwa utaratibu, watu hawakupaswa kunywa mpaka majibu yatoke, lakini nani angesimama mbele ya wale watu na utaratibu? Walianza kunywa siku ileile.

Majibu yalipotoka, mkuu wangu wa kazi aliniita, akanisukumia karatasi mezani. Floraidi. Madini hayo yalikuwa mengi kupita kiasi kinachoruhusiwa, mara kadhaa.

"Nenda kafunge," alisema. "Watoto wakiumia, watatuuliza sisi."

Nilirudi Choma na mnyororo na kufuli. Nilikuta foleni ya wanawake kwenye pampu, bibi akiwa mbele.

"Maji yana nini?" aliniuliza. "Yananuka?"

"Hayanuki, bibi."

"Yana chumvi?"

"Hapana. Yana madini. Mtoto akiyanywa miaka mingi, meno yanageuka kahawia. Mifupa nayo inaweza kupinda."

"Miaka mingi."

"Ndiyo, bibi."

"Na leo atakunywa nini?"

Nilimwambia ofisi inatafuta chanzo kingine, na kwamba magari ya maji yatakuja. Nilivyoambiwa ndivyo nilivyosema. Mkwe wake alinitazama nikizungusha mnyororo kwenye mkono wa pampu, kisha akaokota ndoo zake tupu akashika njia ya mtoni. Wengine wakamfuata mmojammoja. Ufunguo nikautia mfukoni.

Magari hayakuja. Nilikumbusha ofisini mara mbili, nikajibiwa kwamba yako Nzega, kisha nikajibiwa kwamba hayana mafuta. Baada ya hapo sikuuliza tena. Nilikuwa na kazi nyingine, nilikuwa na nyumba yangu Mtendeni, Tabora mjini, yenye bomba uani, na mtu husahau upesi kiu isiyo yake.

Wiki ya tatu mwenyekiti wa kijiji alinipigia simu. Ukingo wa mchanga ulikuwa umeporomoka asubuhi hiyo, na mkwe wa bibi ndiye aliyekuwa chini. Wenzake walimfukua kwa mabeseni na kwa mikono. Walipomfikia alikuwa bado amechutama.

Mke wangu alinikuta nimekaa kitandani na viatu mkononi. "Kuna nini?" akauliza. Nikamwambia. Akasema, "Nenda kazike." Nikapanda basi la kwanza.

Msiba ulikuwa umejaa watu. Nilipiga magoti mbele ya bibi. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akasema. "Umekuja na ufunguo?"

"Nimekuja nao."

"Kafungue. Kuna watu hapa hawajapikiwa, na hakuna atakayeshuka tena kwenye lile shimo."

Nilifungua bila ruhusa ya mtu yeyote. Wanawake walijipanga, wakasukuma pampu, wakaenda kupika uji wa waombolezaji kwa maji yaleyale niliyowakataza.

Tuliporudi kutoka makaburini nilijaribu kumwomba bibi radhi. Alinikatisha.

"Ulitwambia ukweli, mwanangu. Sikukasirikii kwa hilo. Ila ukweli wako ulikuja mikono mitupu."

Nilimwandikia mkuu wangu barua, nikaeleza nilichofanya. Aliisoma, akaikunja, akaitia kwenye droo, na hatukuizungumzia tena hadi alipohama. Kisima kilibaki wazi. Baadaye shule ilijengewa tangi la kuvuna maji ya mvua. Nilikwenda mwenyewe kuwasihi wazazi kwamba maji ya tangi wawaachie wadogo, kwa kuwa meno na mifupa huharibika wakati wa kukua. Wengi walinisikiliza. Lakini tangi lilikauka kila ilipofika katikati ya kiangazi, na kiangazi cha kule kinajua kukaa.

Mwaka jana nilipita Choma kwa shughuli nyingine. Bibi bado yu hai, ila haoni vizuri. Alinitambua kwa sauti. Mtoto wa jirani alipita uani akitembea kwa kuyumba, magoti yake yakiwa yamepinda kwa nje kama upinde. Mjukuu alinikaribisha kiti. Sasa ni msichana mkubwa, mrefu kama mama yake. Anapoongea huweka kiganja mdomoni, na anapojisahau, huonekana meno yake yenye michirizi ya kahawia toka juu hadi chini.

"Bibi anasema wewe ndiye uliyechimba kile kisima," akaniambia.

"Ndiyo."

"Na wewe ndiye uliyekifunga."

"Ndiyo. Mimi."

Alingoja niongeze kitu. Kisha akaniomba radhi, akachukua ndoo, akisema anawahi kabla foleni haijawa ndefu. Punde nikausikia mkono wa pampu ukilia, chuma kwa chuma, bila grisi. Nikasimama, nikaenda kwenye gari kuchukua spana.